Chumba B13 Kiko Wapi? Kisa cha Majengo, Majina na Vibao katika Kampasi Moja ya Mombasa

Ratiba ilisema mtihani wa mwaka wa kwanza uko B13, saa mbili kamili asubuhi. Ilikuwa Jumatatu ya kwanza ya mitihani. Saa mbili ilipofika, msimamizi alikuwa na karatasi mkononi na safu nzima za viti vitupu mbele yake. Waliokosekana hawakuchelewa kuamka wala hawakukwama kwenye foleni ya magari. Walikuwa ndani ya kampasi, wengine tangu saa moja na nusu, na kila mmoja aliamini yuko mahali alipoambiwa awe.

Kundi moja lilikuwa mabwenini, limesimama mbele ya Bloku B ya wasichana, kwa sababu ramani ya simu ilionyesha "Block B" pale. Kundi la pili lilikuwa kwenye Bloku B ya madarasa lakini ghorofani, likipita mlango hadi mlango. Lilidhani namba ya 13 lazima iwe juu kwa kuwa chini lilikuwa limeona namba chache tu. Wachache walikuwa wamesimama mlangoni pa B13 yenyewe bila kujua, maana kibao kilisomeka B18. Mmoja alimuuliza askari wa geti la nyuma, naye akajibu kwa nia njema kabisa, "B13 siijui, ila kama ni mtihani nenda Matao." Jibu lile lilikuwa sahihi. Matao ndiyo Bloku B. Mwanafunzi hakujua, akaenda kutafuta kwingine.

Chuo chenyewe kiko upande wa kisiwani na hatukitaji jina, kwa kuwa yaliyotokea pale yanaweza kutokea katika kampasi yoyote ya Pwani iliyokua jengo baada ya jengo kwa miaka mingi. Ofisi ya msajili ilitoa uamuzi wa haraka: vibao havitoshi, viongezwe. Hapo ndipo kisa kinapovutia, kwa sababu vibao vilikuwepo. Vilikuwa vimewekwa si muda mrefu uliopita, kwa gharama kubwa, na kasoro kubwa haikuwa idadi yake.

Mpangilio wa kampasi

Ukiingia geti kuu unakutana na jengo la kale la ghorofa moja, kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, na safu ya matao upande wa mbele inayotia kivuli barazani. Hilo ndilo Bloku B kwa ratiba. Kwenye ubao wa marumaru ulio mlangoni lina jina la familia iliyochangia ujenzi. Kwa wanafunzi, wahadhiri, wafagiaji na madereva wa tuktuk ni Matao. Kushoto kwake kuna msikiti wenye kuba moja. Nyuma yake kuna karakana za mabati, kisha tangi la maji lililoinuliwa juu ya nguzo za zege, linaloonekana kutoka karibu kila pembe ya kampasi. Maktaba na jengo jipya la ghorofa tano viko upande wa kulia. Mabweni yako mbali, karibu na geti la nyuma, nayo pia yameitwa Bloku A hadi D.

Kati ya geti na karakana pana mbuyu mmoja, mnene, wa siku nyingi. Miarobaini iko kila mahali.

Majengo haya hayakupewa herufi siku moja. Herufi za madarasa zilitoka kwenye michoro ya ujenzi, ambako mhandisi aliandika A, B na C ili kutofautisha hatua za kazi. Herufi za mabweni zilitoka ofisi ya malezi ya wanafunzi, miaka mingi baadaye, na hakuna aliyeangalia orodha ya kwanza kwa sababu orodha hiyo haikuwa mahali popote isipokuwa kwenye michoro iliyofungiwa kabatini. Jina la familia lilipitishwa na baraza la chuo. Jina la Matao halikupitishwa na yeyote, na ndilo pekee lililoshika.

Kwa mtu wa Mombasa hili si geni. Abiria anashuka Mapembeni, ingawa kwenye barua barabara ni Moi Avenue, na kabla ya hapo iliitwa Kilindini Road. Pembe kubwa za ndovu za alumini zilizosimama juu ya barabara hiyo zimeshinda majina yote mawili kwa sababu zinaonekana. Mwembe Tayari inaitwa kwa mwembe, na Fort Jesus, iliyojengwa na Wareno kuanzia 1593, kwa wenyeji wengi ni Ngomeni tu. Vyuo navyo vinafuata njia hiyo hiyo. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa pale Tudor kilianza kama taasisi ya elimu ya Waislamu, MIOME, ikachukua wanafunzi wake wa kwanza mwanzoni mwa miaka ya 1950. 1966 ikageuzwa taasisi ya ufundi, 1972 ikawa politekniki, 2007 ikawa chuo kikuu kishiriki, na 2013 ikapata hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Majengo ya awali yenye matao yamebaki palepale wakati majina matano yakipita juu yake, na mpaka leo utawasikia watu wa makamo wakimwambia makanga, "Nishushe Poli." Kila badiliko la namna hii huacha nyaraka, mihuri, vibao na mazoea yasiyofutika kwa tangazo.

Kwa hiyo swali la kwanza katika kisa hiki lilipaswa kuwa: mtu akisimama getini akauliza, atajibiwa kwa jina gani? Kazi ya kwanza ya vibao haikuliuliza. Ilianza na oda ya karakana: vibao kadhaa, ukubwa huu, rangi hii. Majina yalijazwa baadaye kutoka kwenye orodha ya mali ya chuo, ambayo kazi yake ni hesabu, haikuandikwa kwa ajili ya kumwelekeza mgeni.

Kibao cha B13 kwa karibu

Tukitazame hiki kibao, kwa sababu ndani yake mna nusu ya makosa yote.

Kilikuwa bati lililopakwa zinki, milimita moja unene, rangi ya samawati, herufi za stika nyeupe. Kilifungwa kwa skrubu nne za chuma cha kawaida, moja kwa moja kwenye plasta. Ukuta wenyewe unatazama kusini-mashariki. Kuanzia Aprili kusi inapoanza kuvuma, hewa ya bahari huja na chumvi na kuitua juu ya kila kitu kilicho upande huo. Masika nayo huja wakati huo huo. Skrubu zilishika kutu kwanza. Pale fundi alipotoboa bati, zinki ilikatika na ukingo wa tundu ukawa wazi, basi kutu ikaingia chini ya rangi na kuiinua. Mchirizi wa maji ya kutu ulishuka kutoka skrubu ya juu kulia, ukapita upande wa kushoto wa tarakimu 3 uliokuwa tayari umeanza kubanduka, ukaziba pengo. Ilisomeka 8 kwa mtu yeyote aliyesimama zaidi ya hatua tano. Na kwa kuwa vyumba jirani vilikuwa 12 na 17, hakuna aliyeona ajabu kukuta 18.

Kwa nini 17 iwe jirani ya 13? Kwa sababu ukumbi mmoja mrefu uligawanywa kwa ubao, na vyumba vipya vikapewa namba zilizofuata mwisho wa orodha. Na kwa nini wanafunzi wakapanda ghorofani? Kwa sababu namba haikusema chochote kuhusu ghorofa. Kwenye jengo jipya tarakimu ya kwanza ni ya ghorofa, na mwanafunzi aliyezoea jengo lile alitarajia desturi hiyo hiyo huku. Isitoshe, watu wetu hawahesabu ghorofa kwa njia moja. Mmoja akisema ghorofa ya kwanza anamaanisha ile ya juu ya chini. Mwingine anamaanisha pale pale unapoingilia. Ratiba haiwezi kuachia jambo hilo kwa mazoea ya msomaji.

Ramani ya getini nayo ilikuwa na kosa ambalo watu wengi hawalioni mpaka waelezwe. Ilichorwa kaskazini juu, kama ramani za vitabuni. Lakini anayeisoma pale getini anatazama kusini. Maktaba iko mkono wake wa kulia, na ramani inamwonyesha iko kushoto. Mwenye uzoefu wa ramani ataigeuza kichwani. Mzazi aliyetoka Kwale alfajiri kumleta mtoto wake siku ya usajili atafuata mkono ramani inaomwonyesha, na atapotea akiwa ametii kila alichosoma. Ramani ya kusimamishwa mahali pamoja lazima ichorwe kufuata macho ya msomaji: kilicho mbele yake kiwe juu ya ramani. Maana yake ni kwamba ramani ya geti kuu na ya geti la nyuma haziwezi kuwa nakala ya faili moja. Wachapishaji wengi watakuambia ni gharama zisizo na lazima. Hizi ndizo gharama zenye lazima kuliko zote.

Kazi ilivyofanywa upya

Hatua ya kwanza ilikuwa kukusanya majina, na hii ilichukua muda kuliko kutengeneza vibao. Kila jengo, kila ua, kila njia iliandikwa kwenye daftari lenye safu nne: jina la michoro, jina rasmi la baraza, jina la ratiba, na jina linalosemwa. Safu ya nne ndiyo ngumu. Haipatikani ofisini. Waulizwe askari wa mageti yote kwa zamu za mchana na usiku, wafagiaji, mama wanaouza mahamri na viazi karai nje ya uzio, madereva wa tuktuk wa steji ya jirani, na wanafunzi wa mwaka wa pili. Mwaka wa pili hasa, kwa kuwa bado wanakumbuka walivyopotea. Swali liwe moja na liulizwe vilevile kwa wote: "Ukimwelekeza mgeni pale, unamwambiaje?" Ukiuliza "jengo lile linaitwaje," mtu atajitahidi kukupa jina rasmi ili akufurahishe.

Majibu yalionyesha kwamba majengo mengi yana jina moja la kusemwa lisilo na ubishi, na machache yana mawili yanayoshindana. Pia yalionyesha ni alama zipi watu hutegemea. Hapa inafaa kuwa mkali. Alama ya kuelekezea inatakiwa iwe moja tu ya aina yake, ionekane kabla hujafika njia panda, isihame, na itambulike usiku. Mbuyu unatimiza yote, hata unapopukutisha majani wakati wa kiangazi. Tangi la maji linatimiza yote na zaidi, maana linaonekana kutoka mageti yote mawili. Mwarobaini hautimizi, kwa kuwa iko mingi. Kibanda cha mahamri hakitimizi. Kinapendwa, lakini kinahama na kinafungwa Ramadhani mchana. Msikiti ni alama bora kuliko nyingi, na una sifa ambayo mbuyu hauna: unasikika. Mwanafunzi asiyeona anajua alipo kila adhana inapotoka. Jambo la kuangalia ni kwamba njia inayopita ubavuni mwake hujaa waumini Ijumaa adhuhuri, basi mishale ya njia kuu ielekezwe upande wa pili, karibu na maktaba, siku zote saba.

Baada ya majina zikaja alama fupi za kutambulisha jengo, yaani kodi. Kanuni iliyochaguliwa ilikuwa herufi mbili zinazotokana na jina linalosemwa: MT ni Matao, KR ni Karakana, MK ni Maktaba. Herufi moja pekee iliachwa kwa sababu mbili. B, D, P na T zikitamkwa kwa simu yenye mawimbi mabovu hufanana, na mabweni tayari yalikuwa yamezitumia. Herufi I na O hazikutumika kabisa, kwa kuwa kwenye kibao husomeka 1 na 0. Kisha tarakimu moja ya ghorofa, 0 ikiwa ni chini, halafu tarakimu mbili za chumba. B13 ya zamani ikawa MT 007. Chumba kilicho juu yake ni MT 107. Anayesoma ratiba anajua jengo, anajua kama atapanda ngazi, na anajua takriban atembee kiasi gani ukumbini.

Namba za vyumba zilipangwa kwa kufuata mguu wa mtu anayeingia mlango mkuu: witiri mkono wa kushoto, shufwa mkono wa kulia. Pale chumba ni kikubwa na kuna uwezekano wa kugawanywa baadaye, namba mbili au tatu ziliruka makusudi. Ukumbi wa 011 unafuatiwa na 017. Siku ukumbi ukigawanywa, 013 na 015 zipo zikisubiri, na hakuna haja ya kuvuruga jengo zima. Vyoo, stoo na chumba cha umeme navyo vilipewa namba. Watu huviruka kwa kuona havina mgeni, kisha fundi wa umeme anaitwa usiku na hakuna awezaye kumwambia aende wapi.

Swali la jina la familia iliyochangia lilileta mjadala mrefu kwenye kamati, na lilistahili. Mtu aliyetoa mali yake kujenga darasa ana haki jina lake lisifutwe na mazoea. Suluhisho lililokubaliwa ni kibao cha mistari mitatu: kodi kwa herufi kubwa, jina linalosemwa chini yake, kisha jina la heshima kamili. Ubao wa marumaru ulibaki mlangoni kama ulivyo, ukasafishwa kwa maji na brashi laini bila tindikali, maana tindikali huila marumaru. Kinachotakiwa ni kodi isibadilike kamwe. Jengo likipewa jina jipya la heshima, mstari wa tatu tu ndio unaobadilishwa. Likibomolewa, kodi yake inazikwa nalo na haipewi jengo lingine.

Vibao vyote vina Kiswahili na Kiingereza. Katiba ya 2010, ibara ya 7, inavitaja vyote viwili kuwa lugha rasmi, na huku kwetu mzazi anayesoma Kiswahili pekee si mgeni adimu. Kiswahili kilitangulia. Ukubwa wa herufi ulifuata umbali: milimita 25 za urefu kwa kila mita 7 hivi. Kibao cha kusomwa kutoka mita 20 kina herufi za milimita 75, na kibao cha mlango, kinachosomwa kutoka mita 3 au 4, kinatosha na milimita 25. Rangi ni herufi nyeusi-samawati juu ya nyeupe isiyong'aa. Nyekundu iliondolewa, kwa kuwa hupauka upesi kuliko rangi nyingine, na nyuso zinazong'aa humrudishia msomaji jua machoni.

Jua lenyewe lilipangiwa hesabu. Mombasa iko nyuzi 4 kusini mwa ikweta. Jua hupita utosini mapema Machi na mapema Oktoba. Katikati ya mwaka hupigia kuta za kaskazini, na mwisho wa mwaka hupigia za kusini. Kuta za mashariki na magharibi ndizo hazipumziki, zinapigwa na jua la chini mwaka mzima. Palipokuwa na hiari, kibao kiliwekwa chini ya baraza au ubavu wa kaskazini wa nguzo. Upande wa kusini-mashariki, unaopokea kusi, uliepukwa.

Kuhusu malighafi, bati liliachwa. Vibao vya nje ni alumini ya milimita 3, vikifungwa kwa skrubu za chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316, lenye molibdenamu ndani yake inayokisaidia kuvumilia chumvi kuliko daraja la 304. Kati ya skrubu na alumini kuna washa ya plastiki. Fundi mwenye haraka ataiacha washa, na hilo ni kosa: metali mbili tofauti zikigusana huku zimelowa maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa, na baada ya muda utaona unga mweupe umezunguka kichwa cha skrubu na tundu limepanuka. Skrubu nzuri inakuwa ndiyo imeua kibao kizuri.

Ukuta wa Matao ulihitaji uangalifu wa peke yake. Boliti za kupanuka zinazofaa kwenye zege hupasua mawe ya matumbawe, kwa kuwa ni laini na yana matundu, na chokaa ya kale haina nguvu ya kuzishika. Palitobolewa kwa drili bila kugonga, kwenye jiwe lenyewe na si kwenye maungio, vumbi likapulizwa nje, kisha vijiti vya chuma vikapachikwa kwa gundi ya resini. Mlango mkuu haukuguswa kabisa; kibao chake kimesimama kwenye nguzo mita mbili mbele. Jengo lililoorodheshwa chini ya Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006 halitobolewi bila kibali, na hata lisiloorodheshwa lina ukuta usioweza kurudishwa ulivyokuwa.

Mashimo ya nguzo yalipangwa sentimita 60 kwenda chini na 40 kwa 40 upana. Kisiwani matumbawe yako karibu na uso wa ardhi. Mafundi walifika mwamba kabla ya nusu ya kina na kutaka kumwaga zege hapo hapo. Walitakiwa kuendelea kwa patasi na nyundo, kwa sababu nguzo yenye kibao kipana hubeba nguvu ya upepo, na shimo fupi huilaza. Zege ni 1:2:4, yaani saruji, mchanga na kokoto, na sehemu ya juu iliinuliwa kidogo juu ya ardhi na kupewa mteremko ili maji yasikae kwenye shina la nguzo.

Vibao vya milango viko upande wa kitasa, kati ya mita 1.2 na 1.5 kutoka sakafuni, tarakimu zimeinuka ili zisomwe kwa kidole, na nukta za breli chini yake. Havikuwekwa kwenye mlango wenyewe. Mlango ukiwa wazi kibao hugeukia ukutani, na anayekisoma kwa mkono anaweza kugongwa na anayetoka. Ibara ya 54 ya Katiba inampa mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pa umma na kupata habari. Tarakimu iliyoinuka ni sehemu ndogo ya haki hiyo na gharama yake ni ndogo.

Ramani za simu zilishughulikiwa mwisho, lakini zisingeachwa. Pini ya "Block B" ya mabweni ilibadilishwa jina, na kila jengo likapigwa pini mlangoni. Pini ikiwekwa katikati ya paa, dereva wa tuktuk humpeleka abiria kwenye uzio ulio karibu na paa hilo, hata kama hakuna geti. Simu nyingi uwanjani hukosea mita 5 hivi, na kati ya kuta ndefu hukosea zaidi, kwa hiyo pini haiwezi kumwonyesha mtu chumba. Inamfikisha mlangoni, kibao kinampokea.

Kupima kama kazi imefaa

Kabla vibao vyote havijafungwa, nakala za karatasi ngumu zilibandikwa kwa gundi mahali vilipokusudiwa. Kisha wageni ambao hawajawahi kuingia kampasi walipewa kadi yenye kodi moja tu, bila maelezo, wakaanzia getini. Mtu mmoja alimfuata kila mgeni kwa nyuma, kimya, akiandika mahali aliposimama, aliporudi nyuma, na alipouliza. Yeyote anayetaka kurudia kazi hii ajizuie kusaidia. Ukimwonyesha njia mgeni mara moja, jaribio limeharibika.

Wageni walisimama mahali pawili ambapo hakuna aliyetarajia. Kwanza, chini ya mbuyu: njia tatu zinaachana pale, na mshale ulikuwa umewekwa baada ya njia kuachana badala ya kabla. Ulisogezwa nyuma hatua kumi. Pili, juu ya ngazi za Matao, ambako mtu anafika hajui ageukie wapi. Pakawekwa kibao cha mfululizo wa namba za vyumba, 101 hadi 109 kushoto, 102 hadi 110 kulia. Jaribio lilirudiwa baada ya magharibi, kwa kuwa madarasa ya jioni ni mengi, na likafichua kwamba taa ya uani ilikuwa nyuma ya kibao cha karakana. Kilionekana kivuli kitupu. Taa ilihamishwa, si kibao.

Lililobaki ni mabweni. Ofisi ya malezi haijakubali kuacha Bloku A hadi D, na hoja yake ina uzito: wazazi wameandika majina hayo kwenye fomu, na barua hutumwa kwa anwani hizo. Kwa sasa kodi za mabweni, BW 1 hadi BW 4, zimechapwa chini ya herufi za zamani, na ratiba za masomo zimezuiwa kutumia neno Bloku. Ikiwa ratiba moja tu itapenya na "Block B," Jumatatu ile itarudi.

Orodha kuu sasa inashikwa na mtu mmoja katika idara ya majengo, na ofisi ya ratiba haiwezi kuingiza chumba kisichomo. Jengo la maabara linalojengwa nyuma ya tangi limepewa kodi ya MB tangu likiwa mchoro. Fundi wa milango amekabidhiwa namba za vyumba pamoja na vipimo vya miimo, na matundu ya vibao yatatobolewa kabla ya plasta ya mwisho.